Barua Yangu Isiyokuwa na Salamu

Mimi nilikuwa karani wa shule, si mwalimu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Msambweni wana tabia ya kumpandisha mtu cheo wakitaka kumtuma. Miaka yangu yote ya kazi niliketi nyuma ya meza moja, mbele ya dirisha moja, nikishika ufunguo wa sanduku moja la posta. Sanduku lilikuwa la shule, lakini mji mzima uliligeuza lake. Mtu mwenye ndugu Mombasa au jamaa Uarabuni, anwani ilikuwa ni ileile: jina lake, kwa hisani ya shule. Barua zikifika nazipanga mezani, na mwanafunzi anayekaa karibu na mwenyewe ndiye anayezipeleka. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Sanduku lilikuwepo, na kitu kikiwepo huwezi kuwakataza watu.

Nilipostaafu nikadhani nimepumzika. Kumbe sanduku limenifuata nyumbani. Hoteli za Diani zilianza kutaka kila mwombaji kazi awe na barua pepe, na vijana wakawa wanakuja barazani kwangu na bahasha za vyeti. "Mama karani, mimi sina hiyo barua pepe. Nitilie yako." Nikatia. Ukimtilia mmoja, wa pili utamwambia nini? Mwisho wake, kuanzia Tiwi mpaka Shimoni, hoteli zilikuwa na karatasi zenye majina ya watu mbalimbali na anwani moja tu chini yake, yangu mimi. Hoteli ikijibu, ndimi nisomaye, na ndimi nipigaye simu: njoo, umeitwa Jumatatu, vaa viatu vya kufunika.

Mmoja wao alikuwa binti wa Kibuyuni. Mamake analima mwani, na yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne, mpole, kichwa chini wakati wote. Nilimwandikia barua, hoteli moja ya Diani ikamchukua idara ya kufulia nguo, ambayo wenyewe wanaiita londri. Wiki hiyohiyo aliyoitwa kazini babake akafariki, kwa hiyo furaha ya kazi ikafunikwa na matanga. Hakuna aliyekuja kunishukuru, wala mimi sikungoja.

Jambo jingine linalopasa kujulikana ni kwamba siandiki barua bila salamu. Nimezaliwa hivyo. Hata meneja wa hoteli, Mzungu, nilikuwa namwandikia kwanza Assalaam alaykum, au habari za asubuhi ikiwa wewe si Mwislamu, natumai barua hii itakukuta katika afya njema wewe na wote walio chini ya dari yako. Ndipo naingia kwenye maneno. Na nikimaliza natia: Wako katika kheri, Mama Karani. Vijana walikuwa wanacheka. Wakisema, mama, hoteli wanataka mistari mitatu tu. Nikawaambia mistari mitatu ni ya kumwita mbuzi.

Idd moja nikawaandikia wote kwa pamoja, wale arobaini niliowahi kuwatilia anwani, ambao sasa wengi wao walikuwa wamefungua za kwao. Anwani zao zote nikazipanga juu, wazi, kila mtu aone nani mwingine amesalimiwa. Kwangu mimi ukiingia barazani unasalimia mbele ya wote. Kumsalimia mtu kwa siri ni kama una jambo naye. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na wakati ule nililiona ni adabu.

Basi asubuhi moja, Jumatatu, nilikuwa nimemaliza kumwagilia mchicha nikashika simu kutazama kama kuna hoteli imejibu. Nikakuta barua mamia. Nyingi zilikuwa za Kiingereza na zilisema jambo lilelile: ujumbe wako haukufika. Ujumbe gani? Mimi tangu Ijumaa sikuandika kitu. Nikafungua moja, na chini yake wameniwekea hiyo barua ninayodaiwa kuituma. Inaanza: Assalaam alaykum, au habari za asubuhi ikiwa wewe si Mwislamu, natumai barua hii itakukuta katika afya njema wewe na wote walio chini ya dari yako.

Niliketi juu ya ndoo. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Kisha yakafuata maneno ya mtu nisiyemjua, kwa Kiswahili na tena kwa Kiingereza. Kuna hoteli kubwa katika nchi za Ghuba, inatafuta wafanyakazi, wewe umechaguliwa, tuma ada ya uchunguzi wa afya kabla ya Alhamisi saa sita mchana, nafasi ni chache. Mwisho kabisa: Wako katika kheri, Mama Karani.

Hofu nilikuwa nayo, lakini uwongo sisemi, kwanza kabisa nilistaajabu. Mimi niliyekuwa navuka kivuko cha Likoni mara mbili kwa mwaka, jina langu lilikuwa limelala nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Na si barua zilizokataliwa tu. Palikuwa na majibu. Mwanamume mmoja wa Zambia aliandika kwa Kiingereza cha taratibu kwamba ana watoto wanne, hana kazi tangu kiwanda kilipofungwa, na kwamba ameonyesha barua yangu kwa mkewe na wakapiga magoti. Alinishukuru mimi. Alisema Mungu anikumbuke kama nilivyomkumbuka yeye. Nikaisoma tena na tena, Subhanallah, mtu amepiga magoti Zambia kwa ajili yangu, na mimi huku nimekalia ndoo.

Kisha hasira ikanijia. Hasira zangu ziko karibu, hazina safari. Nikamjibu yule bwana palepale: si mimi, ni wezi, usitume chochote. Basi. Hakujibu, na mpaka leo sijui kama alituma au hakutuma.

Nikavaa buibui nikaenda Ukunda kwa fundi wa kompyuta, kijana wa bara mwenye duka la saiba karibu na soko. Akatazama simu yangu kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mathe, hakuna mtu ameingia kwa akaunti yako. Hawajafungua kitu."

"Sasa wanatumaje kwa jina langu?"

"Wanaandika tu. Ni kama bahasha. Si unaweza andika jina la mtu yeyote pale nyuma, kwa mtumaji? Posta haiulizi."

Bahasha nazijua. Nimezishika maisha yangu yote, na ni kweli, katika miaka yote ile sikuwahi kumwona mtu wa posta akimuuliza mtu kama jina la nyuma ni lake. Tuliamini tu. Nikashangaa kwamba sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja, mimi mwenyewe mwenye ufunguo.

"Na salamu zangu wamezipata wapi?"

Akauliza kama niliwahi kuandikia watu wengi kwa pamoja. Nikamwonyesha ile ya Idd. Akapiga mluzi taratibu. Akasema pengine simu ya mmoja wa wale arobaini iliibiwa au iliingiliwa, na hao watu wakaokota mle ndani kila kitu, orodha ya majina, salamu, na sahihi yangu. "Umewapea zawadi, mathe," akasema, na hakuwa na ubaya, alikuwa anacheka tu. Mimi sikucheka. Nikamwambia anipe kiti na kompyuta.

Nikaandika kwa wale arobaini. Naikumbuka yote kwa sababu ni fupi. "Msiamini barua ya kazi. Si yangu. Mimi sina kazi ya kumpa mtu. Atakayetuma pesa ajue ameliwa." Sikutia salamu wala jina. Fundi akasoma juu ya bega langu, akasema imeweza, haina kasoro. Nikaituma, nikanywa soda, nikarudi Msambweni nikijiona nimemaliza kazi.

Siku ya pili kijana wa Kinondo akanipigia kunilaumu. Alikuwa ametuma ada Jumatatu asubuhi, kabla ya onyo langu. Nikampa pole. Nikajipa moyo kwamba waliobaki wameshaonywa.

Alhamisi jioni simu ikalia tena. Mamake yule binti wa Kibuyuni. Tukaulizana hali, yeye, mimi, watoto, majirani, mwani, mvua. Kisha akasema, "Kesho baada ya sala ya Ijumaa tuna dua ndogo hapa nyumbani. Mgeni wetu ni wewe. Bila wewe hatuanzi."

"Dua ya nini, mwenzangu?"

Akacheka. "Wewe njoo tu. Usijitie hujui."

Nikadhani posa. Binti ameshakuwa mtu mzima, ana kazi yake, lipi jingine? Nikapiga pasi leso yangu nzuri, nikachukua na sabuni za harufu nzuri za kumpelekea bibi harusi.

Kibuyuni siku hiyo mwani ulikuwa umeanikwa kila mahali, kwenye vichanja, kwenye kamba, mpaka juu ya ua, na ile harufu yake ya chumvi inakuingia kooni. Nilipofika mlangoni wanawake kama kumi na watano walikuwa wameshakaa ukumbini juu ya majamvi. Wakasimama wote. Nikaamkiwa shikamoo na watu ambao mimi ndiye niliyepaswa kuwaamkia. Mama mwenye nyumba akanishika mikono miwili, viganja vyake vigumu kwa kamba za mwani, akaniketisha mbele, karibu na mwalimu wa kike wa chuo cha Kurani ambaye angesoma dua. Kando palikuwa na masinia ya pilau yamefunikwa kawa. Mimi bado namtafuta bwana harusi.

Binti akatoka chumbani amevaa dera jipya. Akapiga goti akanibusu mkono, na hakuutoa mdomo haraka.

Mamake akasema mbele ya watu, "Jamani, mwanangu anakwenda Ghuba, kwenye hoteli kubwa. Na aliyemfungulia mlango ni huyu hapa. Kabla hajakwenda tumeona tumwite tumwombee."

Nikasema, "Mimi sikumfungulia mlango wowote."

Wakacheka wote, kwa mapenzi. Bibi mmoja akasema, "Mwamuona? Hataki sifa."

"Nawaambia kweli. Ile barua si yangu."

"Mashallah," akasema mwingine, "ndivyo walivyo watu wa kheri."

Kadiri nilivyokataa ndivyo nilivyozidi kupanda. Binti akaleta simu yake anionyeshe, labda nimesahau kwa uzee. Ndiyo hiyo, salamu zangu na dari yangu. Kisha akateremsha kidole akasema, "Na tazama, mama, mahasidi walivyo. Siku ileile wakaniletea hii kwa anwani yako vilevile, ili nisiende." Ilikuwa ile niliyoiandika Ukunda.

"Tulijua palepale kwamba si wewe," akasema mamake. "Haina hata salamu. Mimi nilimwambia, mama karani hawezi kumwandikia mtu hivi, hata akiwa amelewa usingizi."

Naona haya mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo. Mwizi aliandika kwa adabu akasadikiwa. Mimi nilisema kweli bila adabu, nikawa hasidi.

Nikauliza lile nililokuwa nalihofia. "Mmeshatuma hiyo ada?"

Binti akatazama chini. "Muda ulikuwa jana saa sita. Mimi nilitaka kutuma Jumatatu. Mama akakataa."

"Nilikataa," akasema mamake, "kwa sababu hujamshukuru aliyekutendea. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Nikasema kwanza aje ale kwetu, asomewe, ndipo tutume. Wenyewe wakaandika tena jana, wametuongezea mpaka leo magharibi. Na kesho ndiyo anapeleka barua ya kuacha kazi pale hotelini. Ameshaiandika, iko mkobani."

Nakumbuka nilikuwa natazama yale makawa. Wezi hao, popote walipokaa, walikuwa wamekokotoa kila kitu. Walijua jina langu, walijua ninavyosalimia, walijua ninavyoaga. Walijua mtu mwenye dhiki humpi nafasi ya kufikiri, umwekee saa. Jambo moja tu hawakulijua, kwamba katika nyumba hii huwezi kugusa neema kabla hujapika. Mwanamke aliyeishia darasa la tatu alikuwa amewaweka wezi wa dunia nzima kwenye foleni nyuma ya sinia la pilau, na hakujua.

Lakini ilikuwa bado kabla ya magharibi.

Nikasema, "Nisikilizeni. Hii yenye salamu si yangu. Hii isiyokuwa na salamu ndiyo yangu. Niliiandika Ukunda siku ya Jumatatu, dukani kwa mtu, nikiwa na hasira. Nilikosa adabu. Naombeni radhi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama akanitazama usoni, muda mrefu, kama anayetazama kamba kama itahimili. Kisha akawageukia wenzake akasema polepole, "Ni kweli. Mtu anaweza kukataa sifa. Lakini hawezi kujisingizia utovu wa adabu mbele za watu."

Binti akaketi chini pale alipokuwa amesimama. Dera jipya likamjaa pembeni. "Kwa hiyo hakuna kazi."

"Hakuna, mwanangu."

Hakulia. Alikuwa anavuta uzi mmoja wa jamvi, anauvuta na kuurudisha. Kisha akaniuliza, bila kuinua uso, "Na ile ya kwanza? Ile ya londri. Nayo ilikuwa yako kweli, au..." Hakuimaliza.

Kuibiwa jina kulikuwa hakujaniuma mpaka dakika ile. Nilikuwa nimekasirika, nimeogopa, nimestaajabu, lakini kuuma hakukuwa. Kumbe wale wezi hawakuchukua barua ya leo peke yake. Walikuwa wanarudi nyuma wakichukua na zile za zamani, moja moja, nilizoziandika kwa mkono wangu.

"Ile ni yangu," nikasema. "Ilikuwa Jumamosi. Ulikaa kizingitini kwangu ukakataa kuingia ndani. Ulikuwa umevaa viatu vya mamako, vinakupwaya, ukavificha chini ya gauni. Nilipokusomea ukanirekebisha jina la babako, nilikuwa nimelikosea, na ukaniambia kwa sauti ndogo sana, nikakuuliza mara mbili. Babako alikuwa hai wakati huo."

Akainua uso. "Viatu vya mama," akasema.

"Vya kahawia."

Mamake akajifuta macho kwa ncha ya leso. Binti akauvuta mkoba wake, akatoa bahasha, akanipa mimi. Juu ameandika jina la hoteli kwa mwandiko mzuri, na kwenye kona, pale pa mtumaji, ameandika lake kwa ukamilifu. Nikaikunja nikaitia kifuani. Akashika simu akafuta ile barua ya Ghuba mbele yetu, kisha kidole kikafika kwenye ile yangu, kikasita. Akaiacha.

Pilau inapoa, watu wamekaa, na dua haina tena jambo la kuombewa. Mwalimu wa chuoni akakohoa kidogo, akamuuliza mwenye nyumba kama tule tu tutawanyike.

"Tule bila kusoma?" akasema yule mama. "Ile ya londri hatukuisomea. Tulikuwa na matanga. Mtoto amekula mshahara wa barua hiyo miaka minne na hatujamwambia huyu hata ahsante." Akanigeukia. "Utusamehe. Tulichelewa."

Mimi mwenye maneno, niliyezoea kuwaandikia watu ya kwao barazani kwangu, nikaitikia kwa kichwa tu.

"Soma, mwalimu," akasema. "Mtaje kwa jina lake."

Mwalimu akauliza jina langu kamili, na hata kabla sijafungua mdomo wanawake wale wakaanza kumtajia, huyu langu, huyu la babangu, na bibi aliyekaa karibu na mlango akatoa la babu yangu, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalisikia likitajwa tangu alipozikwa. Wakabishana kidogo, wakapatana. Mwalimu akainua mikono akalisoma lote, taratibu, kutoka kwangu mpaka kwa babu. Wakaitikia amina, na binti naye, na mimi nikaitikia nyuma yao.